Mshale Unaorukaruka: Takometa ya MGB

SALMA: Assalamu alaykum, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumza tukiwa gereji, hapa Mjini Unguja, na kama kawaida niko na ami yangu. Ami, umenambia kwamba mshale mmoja umekuhangaisha kwa miezi miwili.

AMI: Waalaykumu salaam, mwanangu, na salamu kwa wanaotusikiliza. Miezi miwili, na mmoja kati yake niliupoteza kwa pupa yangu mwenyewe. Gari ni MGB, gari ndogo ya Kiingereza isiyo na paa, ambayo aina yake ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, na hii yetu ni ya miaka ya mwanzo. Mwenyewe alilalamikia takometa, yaani saa inayoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika: mshale hutulia kwenye 3,000, ghafla huanguka hadi 1,000, kisha hupanda tena.

SALMA: Hapo mtu yeyote angesema kuwa saa imeharibika.

AMI: Na mimi nilisema hivyohivyo. Niliichomoa nikaipeleka Dar es Salaam kwa fundi wa saa za magari, ikarudi imesafishwa, nikaifunga, na mshale ukaendelea kuruka. Nilipaswa kwanza kumuuliza dereva jambo moja: mshale unapoanguka, injini inafanya nini? Ikiwa inavuma sawasawa, ugonjwa uko kwenye saa, nyaya zake au ethi yake, yaani waya unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari. Ikiwa injini nayo inakohoa, hata kidogo, basi saa inasema kweli, na fundi anayeifungua anampiga mjumbe.

SALMA: Wafafanulie wasikilizaji saa hiyo inapata wapi habari zake.

AMI: Takometa ya MGB hii haina kebo inayozungushwa na injini. Waya mweupe unaopeleka umeme kwenye koili, kifaa kinachoupa umeme nguvu ya kutoa cheche kwenye plagi, hupitishwa kwanza nyuma ya saa, ukapigwa kitanzi, na kila pointi, yaani swichi ndogo iliyo ndani ya distributa, kigawanyi cha moto wa plagi, zinapofunguka, umeme wa waya huo hukatika, nayo saa huuhesabu mkato huo. Injini ya silinda nne huwasha plagi mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika saa inahesabu mikato 100 kila sekunde. Mikato ikipotea, mshale hushuka. Pointi zikidundadunda, hupanda kuliko ukweli. Saa za MGB nyingi za miaka ya 1970 hufanya kazi kwa njia nyingine, kwani zimeunganishwa na upande wa koili unaokwenda kwenye distributa, kwa hiyo asije mtu akabadilishana saa za gari mbili akidhani ni kitu kimoja.

SALMA: Na chumvi ya bahari haikuhusika? Gari hii hulala karibu na pwani, Bububu.

AMI: Nilianzia huko niliporejewa na akili. Waya mweusi wa ethi nyuma ya dashibodi ulikuwa umeota kutu ya kijani, nikaupiga msasa, nikaukaza. Nikatazama pia kitanzi cha waya mweupe, kwa sababu MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na ethi chanya, yaani upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye mwili wa gari, na fundi akizigeuza kuwa ethi hasi bila ya kugeuza mambo ndani ya takometa na upande wa kitanzi, saa haisomi inavyopaswa. Lakini kosa la namna hiyo huwapo daima, haliji na kuondoka.

SALMA: Kwa hiyo ukaingia barabarani.

AMI: Nikaingia barabarani, kutoka Malindi kwenda Bububu, na hapo ndipo kitendawili kilipoanza kunogea. Nikiendesha taratibu, mguu mwepesi kwenye mafuta, mshale unaruka na injini inakohoa pamoja nao. Nikikanyaga mpaka chini, vyote viwili vinatulia. Gereji, injini ikiwa haijakanyagwa, hakuna tatizo lolote. Ni kitu gani, Salma, kinachofanya kazi mguu ukiwa mwepesi tu?

SALMA: Si kile kidude cha mviringo kilicho ubavuni mwa distributa, kinachovutwa na hewa ya kabureta?

AMI: Umejifunza, mashaallah. Mguu ukiwa mwepesi, mvuto wa hewa huwa mkubwa, nacho huzungusha kidogo sahani iliyobeba pointi ili moto uwahi. Ukikanyaga sana, mvuto hupotea na sahani hurudi. Niliwasha gari gereji, nikauchomoa mpira wake kwenye kabureta, nikaunyonya kwa mdomo, na injini ikakohoa palepale. Ndani ya distributa mna waya mfupi laini, umevikwa kitambaa, unaoipa sahani hiyo ethi. Kwa nje ulionekana mzima. Ndani nyuzi zake zilikuwa zimekatika, zikigusana na kuachana kila sahani ilipogeuka.

SALMA: Ukaweka waya wowote uliokuwapo?

AMI: La, hapo wengi hukosea. Waya mgumu wa kawaida utakatika tena baada ya muda mfupi, au utaizuia sahani isizunguke. Unatakiwa waya wa nyuzi nyingi nyembamba, uliokatwa kwa urefu wa kutosha kulegea bila ya kugusa kamu inayofungua pointi. Niliufunga, nikapanga upya nafasi ya pointi kuwa milimita 0.38, na kondensa, kidude kinachopunguza cheche kwenye pointi, nikaiacha kwa sababu haikuwa na kosa.

SALMA: Na zile pesa za fundi wa Dar es Salaam?

AMI: Hizo sikuziandika kwenye bili ya mwenye gari.