Plasta Ikitoka, Matibabu Ndiyo Yanaanza

Mhadhara kwa wakunga, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, Siku ya Mguu Kifundo Duniani, tarehe 3 Juni

Wakunga, wauguzi, wahudumu wenzangu, na wazazi mliokuja na watoto, habari za asubuhi. Watoto wakilia, waacheni walie, tusitoe mtu nje. Mimi kazi yangu ni kutengeneza viungo bandia na vifaa saidizi, kilio nimekizoea.

Mguu kifundo mnaujua. Unyayo umegeukia ndani, kisigino kimepanda, na mtoto akiachwa hivyo atakuja kukanyagia upande au mgongo wa mguu maisha yake yote. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja au wawili wanazaliwa nao. Wavulana ni kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu yao ni miguu yote miwili. Tanzania inapata watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, kwa hiyo hesabu mnaweza kuipiga wenyewe. Njia ya Ponseti, yule daktari aliyeibuni, nayo mnaijua: mguu unanyooshwa kwa mikono taratibu, unafungwa plasta, ile mnayoiita hogo, wiki inayofuata inafunguliwa, unanyooshwa tena kidogo, unafungwa tena. Mara tano, mara sita, wengine zaidi. Kisha watoto walio wengi wanakatwa kano ya kisigino kwa ganzi ya kawaida, jambo la dakika chache, wanakaa na plasta ya mwisho wiki tatu, basi.

Na hapo kwenye "basi" ndipo ninapogombana na watu kila mwaka.

Siyo basi. Plasta ya mwisho ikitoka, yanaanza matibabu ya miaka minne. Mtoto anavaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa fito ya chuma. Miezi mitatu ya kwanza, saa 23 kwa siku, anavuliwa kuoga tu. Baada ya hapo anavaa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, mpaka afikishe miaka minne. Taarifa za kule Iowa, Marekani, alikofanya kazi Ponseti mwenyewe, zinasema hivi: katika familia zilizovalisha viatu kama walivyoelekezwa, miguu iliyorudi kupinda ni 6 kwa 100. Katika familia zilizoacha, ni zaidi ya 80 kwa 100. Fundi ni yule yule, plasta ni ile ile. Kilichowatenganisha watoto hao ni viatu vya usiku.

Sasa nitawasimulia habari ya mama mmoja, na wale walionisikia mwaka jana mtavumilia, kwa sababu sijapata habari nyingine inayolieleza jambo hili vizuri kama hii.

Mama huyu alitoka wilaya ya mbali, mabasi mawili. Mtoto wa kiume, miguu yote miwili. Alihudhuria kila wiki bila kukosa, mvua na jua. Kano ikakatwa, plasta ya mwisho ikatoka, nyayo zikawa zimenyooka kabisa, mama akapiga vigelegele pale pale kliniki. Akakabidhiwa viatu, na mhudumu mmoja akamwambia kwa furaha, "Hongera mama, mtoto amepona. Utakuwa unamvalisha hivi." Akaenda zake.

Alirudi mtoto ana miaka miwili, anakanyagia ukingo wa nje wa mguu, kisigino hakigusi chini. Mama alikuja kichwa amekiinamisha, maana huko alikopitia kwanza alikuwa ameshagombezwa. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imeandikwa kwamba mama ni mzembe.

Nikamwambia, mama, kaa, nieleze pole pole. Akaeleza. Miezi mitatu ya kwanza alivalisha vizuri. Kisha mtoto akakua, kama watoto wote wanavyokua, vidole vikaanza kupita mbele ya kiatu, kifundo kikachubuka. Nauli ya kuja kubadilisha viatu hakuwa nayo mwezi ule. Akavua usiku mmoja ili kidonda kipoe. Usiku wa pili vile vile. Asubuhi anatazama, mguu bado umenyooka. Wiki ikapita, mguu bado umenyooka. Na nyumbani yupo mama mkwe, ambaye tangu mwanzo aliuliza swali moja: "Kama mtoto amepona, chuma cha nini?"

Nataka mlisikilize swali hilo vizuri. Huwa tunakaa kwenye semina kama hizi tunawalaumu mabibi, kwamba wanarudisha watoto nyuma, kwamba wana imani potofu. Bibi yule hakusema neno la uchawi wala mizimu. Aliambiwa mtoto amepona. Mtu mwenye akili timamu akiambiwa mjukuu wake amepona, kisha akaona anafungwa chuma usiku, atauliza chuma cha nini. Swali lake lilikuwa sahihi, sisi ndio tuliompa habari isiyo sahihi. Mtoto hakuwa amepona. Mguu ulikuwa umenyooshwa.

Tunaipenda sana methali ya samaki mkunje angali mbichi. Na kweli, mguu wa mtoto wa wiki mbili unakunjika. Lakini waulizeni wakaushaji wa samaki: ukimkunja samaki mbichi ukamwachia hapo hapo, ananyooka. Anabanwa akiwa amekunjwa mpaka akauke. Plasta ndiyo kumkunja, viatu ndivyo kumbana. Kano za nyuma na za upande wa ndani wa kifundo cha mguu zilizaliwa fupi na nene, na kile kilichozifupisha tumboni hakijaisha siku mtoto anapozaliwa. Kinaendelea kuvuta, tena kwa nguvu zaidi katika mwaka wa kwanza, wakati mguu unakua kwa kasi. Kinapungua taratibu mpaka kwenye miaka minne hivi. Ndiyo maana ya miaka minne. Hakuna mtu aliyeitunga ili kuwasumbua akina mama.

Na ule ubaya wake ndio huu: mguu haurudi kupinda siku ukivua viatu. Ungerudi kesho yake kila mama angevalisha bila kuhimizwa. Unarudi polepole, wiki kwa wiki, na anayelala nao kila siku haoni.

Mtoto yule tulimrudishia plasta chache, miguu ikanyooka tena, kwa sababu mguu uliorudi kupinda ukiwahiwa mapema unarekebishika kwa njia ile ile. Lakini safari hii sikukubali mama aondoke peke yake. Nilisema, siku ya kuvalishwa viatu aje baba na aje bibi. Walikuja. Nikamwamkia bibi shikamoo, nikamkalisha karibu na meza, nikampa kiatu akishike. Kile kiatu kina tundu nyuma, sawa na kisigino. Nikamwambia, bibi, ukichungulia hapa ukaona kisigino kimeshuka, kiatu kimekaa. Usipokiona, fungua, anza upya. Bibi akachungulia, akafungua, akafunga mwenyewe. Baba naye, ambaye hakuwahi kuingia kwenye chumba cha plasta hata mara moja, ndiye aliyekuwa akifunga kila usiku, maana mkanda wa kifundo unataka mkono wenye nguvu na roho ngumu kidogo mtoto akilia. Mtoto yule sasa anacheza mpira.

Kwa hiyo ninachowaomba si mabango wala fulana. Neno "amepona" lisitoke midomoni mwenu kabla ya miaka minne. Semeni "umenyooka, sasa tunaulinda". Na siku ya viatu, mtu wa pili wa nyumbani awepo. Baba, bibi, dada anayebaki na mtoto, yeyote. Kituo kinachokabidhi viatu kwa mama peke yake, dakika tano, mlangoni, kinatengeneza mguu wa kurudi.

Najua mtu hapo nyuma anasema moyoni, si tungefanya upasuaji mkubwa mara moja tukaachana na miaka minne ya viatu? Kwa miaka mingi ulimwengu ulifanya hivyo. Mguu ulipasuliwa, ukafunguliwa, ukanyooshwa, ukapendeza kwenye picha. Waliokua nao wakawa na miguu migumu yenye maumivu. Waliotibiwa kwa njia ya Ponseti walifuatiliwa kule Iowa kwa wastani wa zaidi ya miaka 30, na 78 katika 100 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Watu waliozaliwa na miguu ya kawaida, kwa kipimo hicho hicho, walikuwa 85. Tofauti ni ndogo kiasi hicho.

Mwingine anasema viatu hivi ni vya Ulaya, sisi tutavitoa wapi. Ndugu zangu, hivi tunavyotumia vimebuniwa Kampala. Michiel Steenbeek, Mholanzi, alivibuni alipokuwa kwenye kituo cha Katalemwa, Uganda, kwa ngozi, ubao mwembamba na nondo. Fundi mwenye cherehani ya ngozi na mashine ya kuchomelea anavitengeneza. Na hapa Moshi, TATCOT, chuo chetu cha vifaa saidizi, inafundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, kutoka nchi nyingi za Afrika. Kifaa kipo na mikono ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni nauli ya mama, na hilo halmashauri zinaweza kulizungumza kama zinavyozungumza mengine.

Tena mjue kwamba wazazi ndio walioiokoa njia hii. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Menorca, tarehe 3 Juni 1914, ndiyo maana tumekutana leo, alihudumia majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, akakimbilia Ufaransa, Mexico, mpaka Iowa. Mwaka 1963 alichapisha matokeo yake. Madaktari wenzake walio wengi hawakujali, wakaendelea kupasua. Njia ilienea miaka ya 1990 mwishoni, baada ya yeye kuandika kitabu, na hasa baada ya wazazi kuanza kuelezana kwenye intaneti, mzazi kwa mzazi. Kwa hiyo mtu asiniambie mzazi haelewi.

Nyumbani kwa wazazi mtasikia, "Mtoto atachelewa kutembea." Hatachelewa kwa sababu ya viatu. Mchana, baada ya miezi mitatu ile, yuko peku kama wenzake.

"Mtoto analia." Analia siku mbili tatu za mwanzo, kwa sababu hajazoea miguu kwenda pamoja. Mfundisheni mama kucheza naye: shika fito, kunja magoti yote mawili, nyoosha, kunja, nyoosha. Akishajua kurusha miguu yote kwa pamoja, kilio kinaisha. Akiendelea kulia baada ya hapo, tazama ngozi. Wekundu mkali au malengelenge maana yake kisigino kinateleza ndani ya kiatu, na dawa yake ni kukaza mkanda. Akina mama wengi wanalegeza, kidonda kinazidi. Soksi ya pamba, mkanda wa kifundo kwanza, kamba baadaye. Mguu wenye tatizo unatazama nje nyuzi 60 hadi 70, ulio mzima nyuzi 30 hadi 40. Fito iwe na upana wa mabega ya mtoto. Atakayenunua viatu viwili vya kawaida akavifunga ubao, amepoteza pesa.

Muda unaniishia, naona mwenyekiti amesimama. Wakunga, haya yenu nayasema haraka. Mtoto akizaliwa, shika unyayo. Ukigeuka kwa kidole kimoja mpaka mahali pake, alibanwa tu tumboni, atanyooka. Usipogeuka, ni mguu kifundo, aandikiwe rufaa wiki hiyo hiyo, asiambiwe asubiri wala akandwe mafuta. Mgeuze mtoto, tazama mgongo. Mgongo wazi unaweza kuja na mguu kifundo, na huyo njia yake ni nyingine na vifaa vyake ni vya muda mrefu zaidi. Plasta ivuke goti, goti limekunjwa. Plasta ya chini ya goti inateleza, msiipokee. Na mama aambiwe mapema kwamba si kosa lake, hakumcheka mtu, hakuvuka kitu, hakula kitu.

Nilikusudia kuzungumza na juu ya matege, ambayo watu wanayachanganya na mguu kifundo wakati ni habari ya mifupa laini, vitamini D na kalisi, na juu ya watoto wa miguu bandia, ambao mguu unawabana kila baada ya mwaka hivi kwa sababu wanakua, nao wanasahaulika kwenye bajeti. Hayo yanataka siku yake.

Kwenye meza ile pale kuna jozi za viatu na wanasesere. Kabla ya chai, kila mmoja afunge jozi moja, achungulie kwenye tundu, anionyeshe kisigino. Akina baba mliokuja, nyinyi ndio wa kwanza.