Asubuhi ya Tanga injini ina baridi

Haya jamani wa nyuma sogeeni, viti vipo, tuanze maana wengine mmeacha magari ya watu yamefunguliwa gereji. Kuna mtu kaniuliza hapo mlangoni, mwalimu unatuletea habari za koldi stati, yaani kuwasha injini ikiwa baridi, kwani hapa Lushoto? Sawa, mwezi wa saba Lushoto sweta, huku Ngamiani feni, lakini injini haijui hayo, yenyewe imezoea maji ya rejeta yawe nyuzi 90 hivi, sasa ikilala usiku ikaamka na 26, kwake hiyo ni baridi tosha.

Petroli ya majimaji haiwaki, unaowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Na petroli siyo kitu kimoja, kuna nyepesi inayoanza kuchemka nyuzi 35 hivi, kuna nzito mpaka ukaribie 200. Nyunyizia maji kwenye chuma cha chapati chenye moto, tsss, yamekwenda. Kisicho na moto je? Matone yamekaa yanakutazama. Ndo nozeli inavyofanya asubuhi, inapuliza petroli mgongoni mwa valvu, chuma cha baridi, matone yanageuka utando, mengine yanachuruzika, kinachopata mvuke ni ile nyepesi tu. Kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, inasoma sensa ya joto la maji, ikiona baridi inamwaga petroli mara kadhaa ya kawaida ili hako kamvuke katoshe kuwaka. Ile inayonuka kwenye egzosi ndo iliyobaki, na masega, yale ya ndani ya egzosi yanayosafisha moshi, bado hayajapata moto wa kuimaliza.

Sasa zile injini za D4 na GDI mnazozikimbia (Mitsubishi kaanza kuuza GDI 1996), nozeli yake inapuliza ndani ya silinda kwenyewe. Nozeli ya kawaida presha yake baa 3 hivi, hizi zinaanzia 50, za siku hizi zinafika 350, ndo maana tone linakuwa dogo sana, na tone ukilipunguza upana nusu linakauka haraka mara nne. Hapo ndo utamu wake. Lakini pampu yake kubwa inazungushwa na kamshafti, na stata inazungusha polepole, kwa hiyo presha mwanzoni haijapanda, matone yanatoka manene yanafika mbali, yanapiga kichwa cha pistoni, pale yanaungua vibaya yanatoa masizi, yakipiga ukuta wa silinda yanaosha oili na kushuka nayo chini. Gari ya Chumbageni sokoni na kurudi, kila siku, chomoa dipstiki ya oili unuse, utaikuta petroli humo.

Ila kinachoniuma ni thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari imechemsha mara moja tu, fundi kaitoa kaitupa, eti nchi ya joto haihitaji. Ukishika njia ya Segera na upepo ule injini haifiki joto lake, sensa inasema bado baridi, kontrol boksi inazidi kumwaga, yaani kwa injini ni asubuhi mchana kutwa, halafu mwenye gari analalamika inakula mafuta, anaoshewa nozeli, analipa, inaendelea kula.

Naam mzee wangu? Hapana, kuiacha inaunguruma nusu saa siyo dawa, kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa, injini inapata moto taratibu mno na petroli inazidi kulowesha. Washa, ipe nusu dakika oili ipande, ondoka mdogomdogo, usikanyage mpaka mshale wa joto unyanyuke.