Kumbe Ile Fankisheni Ilisafiri: prosesi zinavyoongea ndani ya Android

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Poa. Wanaoingia karibuni, kaeni popote, mi naanza tu maana muda tumepewa mchache na mada yenyewe ina mambo.

Tuanze na kitu mnachofanya kila siku. Uko kwenye apu ya picha, umeipenda moja, unabonyeza shea, inatokea ile orodha ya apu, unachagua ya kuchati, picha hiyo imeshatokea kule, unaongeza maneno mawili unatuma. Sekunde tatu nne hivi. Swali langu, picha imetokaje kwenye apu moja ikafika kwenye nyingine? Nasikia mtu anasema imekopiwa. Mwingine huyo anasema imerushwa kwenye memori. Wote mmekosa. Na nikiwaambia kwamba kwenye hizo sekunde chache zimeongea prosesi nne na zaidi, yaani programu zinazokimbia kila moja kivyake, alafu picha yenyewe haijapita kwenye hayo maongezi hata kidogo, mtaniona muongo. Nitarudi hapo, nikisahau nikumbusheni.

Kwanza kwa nini apu zisiongee tu moja kwa moja. Android imekaa juu ya kerneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo kinachosimamia memori na vifaa, na Linux tangu zamani inajua habari ya watu wengi kwenye kompyuta moja, kila mtu ana namba yake, yaani UID, na faili zake ambazo mwenzie hagusi. Waliotengeneza Android wakaichukua ile akili wakaigeuza, mtumiaji akawa sio mtu tena, mtumiaji ni apu. Ukiweka apu kwenye simu inapewa UID yake, kuanzia 10000 kwenda juu, na ikiwaka inawaka kwenye prosesi yake yenye memori yake. Jirani haoni kitu. Hata ukimpa jirani anwani ya memori yako haimsaidii, ni kama umpigie mtu simu umwambie "kiko kabati la pili kushoto" na yeye yuko kwake anafungua kabati lake.

Sasa shida ni kwamba apu ikifungiwa hivo yenyewe haiwezi karibu chochote. Unataka lokesheni? Omba. Notifikesheni? Omba. Hata kufungua skrini nyingine ya apu yako mwenyewe, unaomba. Na anayeombwa mara nyingi ni prosesi moja kubwa inaitwa system_server, ambayo humo ndani ina huduma kibao, ya kusimamia skrini, ya madirisha, ya kujua apu zipi zimewekwa, na kadhalika. Apu yako ni mpangaji na system_server ndo mwenye nyumba, funguo zote anazo yeye.

Njia ya kuomba ndo hiyo inaitwa Binder. Na haikuzaliwa Android, watu wengi hawajui hili. Ilianzia kampuni ya Be, ikahamia PalmSource, ikatolewa kama kodi huria kwa jina la OpenBinder, na mmoja wa watu walioifanyia kazi huko, Dianne Hackborn, baadaye akaja kuwa kwenye timu ya Android. Upande wa kerneli ukaandikwa upya kwa ajili ya Android, na kwa miaka watu wa Linux walikuwa wanaitazama kwa jicho la pembeni, mpaka toleo la 3.19 mwaka 2015 ndo ikatolewa kwenye folda ya vitu visivyokamilika ikawekwa na wenzake. Historia inatosha.

Inavyofanya kazi. Kuna faili linaitwa /dev/binder. Prosesi ikiwaka inalifungua na kuiambia kerneli initengee kasehemu ka memori ka kupokelea mizigo, kama megabaiti 1 hivi. Wewe kwenye kodi umeandika mstari mmoja, umeita fankisheni, mabano, nukta mkato, umemaliza. Lakini ulichokiita sio huduma yenyewe, ni wakala wake anayekaa kwenye prosesi yako. Wakala anachukua vigezo vyako anavifunga kwenye kifurushi kinaitwa Parcel, anakabidhi kerneli, kerneli inakikopi mara moja tu moja kwa moja kwenye ile sehemu ya mpokeaji (paipu na soketi, njia za kawaida za prosesi kuongea, zinakopi mara mbili, kuingia kerneli na kutoka), inaamsha thredi moja kule, yaani mkono mmoja wa kazi ndani ya prosesi, thredi inafungua, inafanya kazi, inafunga jibu, linarudi njia ile ile. Muda wote huo thredi yako wewe imefanya nini? Imelala. Imelala fofofo inasubiri.

Na hapa ndo kuna neno langu la leo, mengine yote ni pambo. Binder imefichwa vizuri mno. Uzuri wake ndo ugonjwa wake. Ukisoma kodi huwezi kutofautisha fankisheni iliyoishia hapo hapo na iliyokwenda prosesi nyingine ikarudi. Na nyie mliowahi kuandika huduma yenu kwa AIDL, ile lugha ya kuandika mkataba wa huduma, mnajua kuna la ajabu zaidi, huduma ikiwa kwenye prosesi ile ile, Binder haisafiri kabisa, unapewa kitu chenyewe mkononi na fankisheni inakimbia kwenye thredi yako hiyo hiyo. Alafu siku moja mtu anaongeza android:process kwenye manifesti, lile faili la kuitambulisha apu kwa mfumo, yaani huduma ikae prosesi nyingine, neno moja tu, hakuna aliyegusa kodi, na kila kitu kimebadilika. Sasa ile fankisheni inasafiri, kule inapokelewa na thredi yoyote iliyo tayari, zinaweza kuingia mbili tatu kwa mpigo, vigezo vyako ni nakala sio vile vyenyewe, ukibadilisha listi kule huku haibadiliki. Timu inakaa wiki inatafuta bagi kwenye kodi wakati bagi iko kwenye manifesti.

Niwape ya kwangu, maana mi sio malaika. Nilikuwa na skrini ya orodha, rekodi na maelezo yake na vijipicha vidogo, na nikaona niwe mjanja, mtu akigeuza simu asisubiri upya, nikaitia orodha nzima kwenye ile Bundle, mfuko wa data wa kutunza hali ya skrini. Kwangu inafanya kazi safi. Nina rekodi kumi, nitajuaje. Ikaenda kwa watu, zikaanza kuja ripoti za apu kukrashi, na mtu anaandika "inakufa nikitoka." Unatoka unaenda wapi? "Nabonyeza tu hom." Nafungua logi, kodi yangu haimo hata mstari mmoja, yote ni ya mfumo, juu kabisa imeandikwa TransactionTooLargeException na namba ya baiti. Nikatafuta siku mbili nzima nimetuma nini na kwa nani, maana mimi nilijua sijatuma kitu, nimetunza tu!

Kumbe kutunza ndo kutuma. Ukiondoka kwenye skrini ile Bundle inafungwa inapelekwa system_server ikae huko, ili apu yako ikiuliwa mfumo uwe nayo. Inapita Binder kama mzigo mwingine. Na ile megabaiti 1 sio ya mzigo mmoja, ni ya mizigo yote iliyo njiani kwa wakati huo kwa prosesi nzima, kwa hiyo unaweza kuangushwa na kifurushi cha kawaida kabisa kwa sababu wenzake wamejaza. Tena kabla ya Android 7 kosa kama langu lilikuwa linaandikwa kwenye logi linapita kimya kimya, kuanzia 7 ndo likawa la kukrashi. Wengine walilaani, mi naona walifanya vizuri, apu inayopoteza data kimya ni mbaya kuliko inayoanguka hadharani. Dawa ilikuwa nini? Nikapitisha ID tu, orodha ikabaki kwenye databesi, skrini ikirudi inasoma. Mistari sita. Siku mbili, mistari sita.

Naam, picha! Asante, nilishaanza kupotea. Picha ya kamera ya siku hizi ni megabaiti kadhaa, haiingii kwenye mlango wa megabaiti 1 hata ukisukuma. Kwa hiyo apu ya picha inachotuma ni Intenti, yaani ombi la kazi, yenye anwani ya content, mstari wa herufi, pamoja na ruhusa ya muda kwamba huyu mpokeaji asome hii moja. Inapita kwa system_server, ambaye anaangalia, anaiwasha apu ya kuchati kama haiko hai. Na kuiwasha anamwomba Zygote, prosesi mama ya apu zote, ajigawe, wanaongea kwa soketi sio kwa Binder, kwa sababu kujigawa ukiwa na thredi nyingi zinahangaika ni kutafuta balaa. Apu ya kuchati ikishasimama inaenda kwa mtunza picha, yaani prosesi inayotunza faili za picha, na ile anwani, naomba kufungua. Mtunza picha anakagua ruhusa, anafungua faili, na kinachorudi kupitia Binder ni mpini wa lile faili lililokwisha funguliwa, namba tu ya kulishika. Kwa mtunza picha ulikuwa labda namba 57, kerneli inautafsiri, kwa apu ya kuchati unakuwa 83, namba tofauti faili ni lile lile. Apu inasoma yenyewe kutoka kwenye diski. Ndo maana nikasema picha haikupita kwenye maongezi, kilichopita ni mpini tu.

Basi ukishajua ni safari, maswali ya msafiri yanakuja yenyewe. Nikichelewa je? Ukiwa umeita kwenye thredi kuu na kule wako bize, skrini yako imeganda, na mguso ukikaa sekunde 5 bila kujibiwa mtu anaoneshwa lile dirisha la apu haijibu. Na kule kuwa bize ni rahisi, prosesi ya kawaida kerneli inaiongezea thredi za kupokea mpaka 15 tu, zikijaa wengine mnapanga foleni. Kuna oneway, unatupa mzigo unaondoka husubiri jibu, watu wanaipenda sana, ila mjue hizo za oneway zinapewa nusu tu ya ile sehemu ya kupokelea mizigo, na za kitu kimoja zinafanyiwa kazi moja moja kwa mpangilio. Sio uchawi.

Nikifika nikakuta mwenyewe amekufa? Inatokea, simu ikibanwa na memori inaua prosesi bila kuaga. Ukiita unapigwa DeadObjectException. Lakini hili Binder wamelifanya kiungwana kwa kweli, unaweza kujiandikisha kwa linkToDeath na kerneli yenyewe inakuletea habari ya msiba. Waandikaji wengi hawajiandikishi. Alafu wanashangaa.

Na mwenye nyumba anajuaje ni mimi? Hapa nifafanue kidogo maana ndo sehemu naiheshimu kuliko zote. Kwenye kifurushi hujiandiki jina. Kerneli ndo inagonga UID yako juu yake, huwezi kudanganya hata uandike nini ndani. Huduma inauliza getCallingUid inaambiwa ukweli. Hatari inakuja huduma ikijisahau, imepokea ombi la apu fulani, ikavua ule utambulisho kwa clearCallingIdentity ili ifanye jambo kwa mamlaka yake, na haikurudisha, au imevua kabla ya kukagua ruhusa. Hapo apu ndogo isiyo na ruhusa imefanya kazi kwa mgongo wa mkubwa. Ukisoma huduma ya mtu, hapo ndo pa kukodolea macho. Na kwa upande wenu wa apu, mlango ule wa exported, wa kuruhusu apu nyingine ziingie, toka Android 12 apu inayolenga toleo hilo ikiwa na intent-filter, tangazo la Intenti inazopokea, lazima uandike mwenyewe true au false, zamani ilikuwa ukiweka filter mlango unafunguka wenyewe na wewe huna habari.

Mkono umenyooka pale. Anauliza iPhone je. iPhone msingi wake ni Mach, ile kerneli ya Chuo cha Carnegie Mellon miaka ya 80, kule kuna milango inaitwa ports na juu yake XPC, njia ya Apple ya prosesi kuongea, wazo ni la ukoo mmoja kabisa, ujumbe unapita kwa kerneli na kerneli inajua nani katuma. Tofauti ni sera zaidi, huko apu ya kawaida haiwezi kujitangaza huduma apu nyingine ziunganike nayo kama Android, hadi iOS 8 mwaka 2014 ndo zikaja ekstensheni, vipande vya apu vinavyotumika ndani ya apu nyingine, na zenyewe mfumo ndo unasimamia katikati.

Mwingine anauliza aone wapi haya kwa macho. Una waya? Njoo mbele, chomeka simu yako, washa USB debugging. Kwenye kompyuta andika adb shell service list, adb ni chombo cha kuongea na simu kwa waya, enta. Hiyo inayomiminika ni majina ya huduma zote zilizojiandikisha kwa servicemanager, ambaye ndo anwani namba 0, wa kwanza kuulizwa na kila mtu. Panda juu. Hapo. Soma hiyo namba kwa sauti wasikie, huduma ngapi? Eeh. Na simu hata hujaigusa.