Pythagoras yupo saiti

Shikamooni wazazi wangu, na nyie vijana mambo vipi. Nimeombwa niongelee shule na kazi za baadae, naanza na hii kamba.

Nilipomaliza form four nikawa naenda saiti kumsaidia fundi huku nasubiri matokeo. Siku ya kuseti msingi akapiga pegi ya kona, akavuta kamba pande mbili, akapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, alafu akanambia vuta futi mpaka kati ya hizo alama mbili isome 5 kamili, ikizidi sogeza. Ilivyosoma 5 akasema tayari, kona imekaa skwea, yaani nyuzi 90. Nikaganda pale, kumbe ndo Pythagoras yule yule wa hesabu za pembetatu nimemkariri mwaka mzima na mtihani nikaupata, ila hakuna siku niliambiwa anapiga kona ya nyumba! Na yule fundi ni la saba, hilo jina hajawahi kulisikia.

Hii kitu inaniuma mpaka leo. Mwalimu Nyerere alishaandika 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isimtenge mtoto na kazi za jamii yake, sisi tukachukua jembe tukalifanya adhabu, sasa mtoto ataanzaje kupenda kilimo wakati kalimishwa kwa kuchelewa namba?

Mkondo wa amali sekondari, yaani masomo ya ufundi na kazi za mikono, umeanza 2024, naufurahia kwa moyo wote, ila nasikia wazazi wanasema huyu kichwa kizito mpelekeni amali. Jamani hapana! Jiko la wati 2300 kwenye umeme wa volti 230 linavuta ampea 10, fundi asipoijua hiyo hesabu akafunga waya mwembamba usioweza kubeba mzigo huo, waya unachemka ndani ya ukuta nyie mmelala. Huyo mwenye kichwa kizito ndo mnataka awafungie umeme?

Walimu wangu, siombi karakana ya mamilioni, naomba mkimaliza topiki mtafuteni mtu mmoja hapa hapa mtaani anayeitumia, fundi cherehani, au mama ntilie anayejua sahani ya wali maharage imemgharimu shilingi ngapi kabla hajaipangia bei, aje hata dakika 20 watoto wamuulize maswali.

Basi, pale nyuma nimeona darasa jipya halijaanza kuchimbwa. Form two nifuateni na hii kamba, wazazi nanyi karibuni, tukapige kona ya kwanza.