Ruzuku Hulipa Lita, Haimjui Mtu

Mabibi na mabwana, mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, kwa maana narudi kwenye pampu ileile.

Simameni nami katika kituo cha mafuta. Gari kubwa linaingia, dereva anasema "Jaza," na mhudumu anasubiri mpaka namba za pampu zisimame kwenye lita 80. Nyuma yake yupo mama mwenye chupa ya plastiki, anataka lita 1 ya mafuta ya taa. Tuseme serikali inachangia kiasi kilekile kwa kila lita, ya petroli au ya taa. Mwenye gari ameondoka na fedha za umma mara 80 ya alizopata yule mama, na jioni atasikia kwenye taarifa ya habari kwamba ruzuku hiyo iliwekwa kwa ajili ya mama. Msidhani natia chumvi. Watafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) walipopima nchi kadhaa zinazoendelea, walikuta kwamba asilimia 20 ya kaya zenye kipato cha juu kabisa hupata takribani mara 6 ya ruzuku ya mafuta inayoifikia asilimia 20 ya chini.

Hapo ndipo huulizwa, tena kwa ukali: je, ruzuku ikiondolewa, nauli itakuwaje? Je, unga unaobebwa na malori? Mwenye kuuliza hivyo ana haki, na kuondoa ruzuku kwa ghafla ni ukatili. Tarehe 1 Januari 2012 Wanigeria waliamka wakakuta lita ya petroli imetoka naira 65 na kuvuka 140. Ukafuata mgomo wa nchi nzima, na katikati ya mwezi serikali ikaishusha bei hadi naira 97. Iran, ilipopunguza ruzuku Desemba 2010, ilianzia upande wa pili. Fedha ziliingizwa kwanza katika akaunti za kaya, watu wakaziona bila ruhusa ya kuzichukua, na akaunti zikafunguliwa bei zilipopanda. Mtaniambia kwamba mfumuko wa bei uliitafuna fedha hiyo. Uliitafuna kweli, kwa sababu malipo yaliachwa miaka mingi kwenye rial 455,000 kwa mtu kwa mwezi. Kosa hapo ni kutopandisha kiwango. Kumlipa mtu badala ya lita hakukuwa kosa, na nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Wengine husema kwamba nishati jadidifu, ile isiyokwisha kama ya jua na upepo, nayo imelelewa kwa ruzuku. Imelelewa, sikatai, na Wajerumani waliilipia katika ankara zao za umeme huku wakinung'unika. Lakini itazameni sheria yao ya mwaka 2000: mwenye paneli za sola alihakikishiwa bei ya umeme wake kwa miaka 20, ila aliyechelewa kuzifunga alipewa bei ya chini kuliko aliyemtangulia. Kushuka kwa ruzuku kuliandikwa ndani ya sheria yenyewe, na viwanda vikajua kwamba lazima vipunguze gharama. Duniani kote, kati ya mwaka 2010 na 2020, gharama ya umeme wa mitambo mikubwa ya sola ilishuka kwa takribani asilimia 85. Ruzuku ya mafuta, kinyume chake, huvimba wakati hazina imebanwa zaidi: mwaka 2022, bei zilipopaa, ruzuku kwa watumiaji wa nishati ya kisukuku, yaani mafuta, gesi na makaa ya mawe, zilivuka dola trilioni 1, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati.

Makaa ya mawe, betri na nyaya za kusafirishia umeme nilivitengea nusu saa, lakini nusu saa hiyo nimeimalizia kituo cha mafuta, kwa hiyo naviruka. Niseme tu kwamba mwaka 2009, huko Pittsburgh, Marekani, viongozi wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, waliahidi kuondoa hatua kwa hatua ruzuku za nishati ya kisukuku "zisizo na tija", bila kukubaliana maana ya maneno hayo, na tangu hapo kila serikali huikagua ruzuku yake na kuikuta ina tija.

Karibuni kwa maswali, isipokuwa lile la nauli.