Kipimo Kwanza, Nguvu Baadaye: Mhadhara kwa Madereva na Makondakta wa Malindi

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi, ndugu zangu.

Leo tunazungumzia kumpandisha na kumshusha abiria wa kiti cha magurudumu kwa rampu, yaani daraja la mteremko la kuingilia garini. Tuanze na futi ya kupimia, maana hapo ndipo mambo huharibika. Sakafu ya gari ikiwa sentimita 60 kutoka chini, rampu ya mita 2 ni mlima. Mtu akiwa ameketi kitini na msaidizi yuko nyuma yake, kila sentimita 1 ya kimo inahitaji angalau sentimita 6 za urefu. Sitini mara sita ni 360, yaani mita 3.6. Kama rampu yako ni fupi, tafadhali usiite vijana watatu waje kusukuma. Sogeza gari karibu na ukingo wa njia ya miguu. Ukingo wa sentimita 15 unakuachia kimo cha 45, na hapo rampu ya mita 2.7 inatosha.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwenye mteremko mkali uzito wa abiria huhamia nyuma ya ekseli, magurudumu madogo ya mbele yakanyanyuka, na aliyekuwa akisukuma akajikuta amebeba. Mtu huanguka chali, kichwa kikitangulia. Nguvu za mikono haziwahi.

Kisha tazama rampu yenyewe inapolala. Ulimi wake wa juu ukae wote juu ya sakafu ya gari, na pini au mkanda wake ufungwe, la sivyo itateleza nyuma kiti kikiwa katikati. Mguu wake ukanyage ardhi ngumu. Mchanga wetu huu hudidimia upande mmoja, rampu ikapinda, kiti kikaenda mrama. Dereva avute hendibreki na azime injini kabla rampu haijateremshwa. Usome pia kibao cha uzito: kiti cha mota peke yake chaweza kupita kilo 100, ukiongeza abiria wa kilo 80 na wewe wa kilo 70, rampu imebeba 250. Ubao wa nyumbani haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa abiria. Msalimie yeye, si aliyemsindikiza. "Shikamoo mama, nikusaidie vipi?" Usiguse kiti kabla hajajibu; anakijua kuliko wewe. Atakuambia kwamba mahali pa kuwekea mkono hung'oka. Ukiinulia hapo, kipande kitabaki mkononi na mwenyewe atabaki chini. Shika fremu. Na yale majina ya kumtaja mtu kwa kiungo chake tuyaache kabisa kituoni: Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuitwa kwa heshima, na haki ya kufikia usafiri wa umma.

Kupanda, anatazama mbele nawe uko nyuma. Ndani ya gari kiti kitazame mbele pia, kamwe kisikae ubavu, kwa sababu kiti cha kukunja hujikunja kwa upande gari likifunga breki ghafla.

Mikanda ya kufunga kiti ni minne, miwili mbele na miwili nyuma. Kulabu zishike fremu, zisishike gurudumu wala kikanyagio cha miguu. Ile ya nyuma ishuke kwa pembe ya digrii 30 hadi 45. Kaza, kisha shika kiti ukitikise: kikicheza zaidi ya sentimita 5, rudia. Kamba ya mizigo haihesabiki. Hata baada ya hapo umefunga kiti tu. Mtu ana mkanda wake mwingine, wa begani na kiunoni, na ule wa kiunoni ulale juu ya mifupa ya nyonga, usilale tumboni. Kiti cha mota kizimwe.

Chumvi ya bahari hula bawaba, kwa hiyo osha rampu kwa maji matamu na ufagie mchanga kila siku. Mchanga juu ya alumini huteleza kama ganda la ndizi.

Kushuka ni kinyumenyume. Wewe uko upande wa chini, umeshika fremu kwanza ndipo breki za kiti zifunguliwe, na mwenzako anatazama njia nyuma yako. Mkifika chini, muulize anaelekea wapi, mgeuze huko, mwache pahali palipo tambarare, mbali na mtaro. Afunge breki zake. Kunja rampu, hakikisha hakuna mtu karibu na gari, ndipo dereva awashe injini.