Kifua Kikuu: Kompyuta Inatazama Picha, Katriji Inatafuta Jeni

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Rehema, nipo na kaka yangu Musa kama kawaida. Leo ni TB, kifua kikuu, kipindi kizima. Watu wakisikia akili unde hospitalini wanawaza roboti anayepasua wagonjwa. Mimi nawaza gari la eksirei lililoegeshwa sokoni, kwa sababu huko ndiko tayari inafanya kazi.

MUSA: Na ugonjwa wenyewe si wa kuchezea, dada. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB na milioni 1.25 walifariki. Ugonjwa wenye dawa!

REHEMA: Wenye dawa kabisa. Unameza miezi sita, unapona. Kazi ni kumpata mgonjwa mwenyewe. Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba amembaini bakteria wa TB, na kwa zaidi ya miaka mia moja baada yake vituo vingi vilitegemea hadubini. Mgonjwa anatoa makohozi, wewe unayapaka kwenye kioo, unatia rangi, unainama kutafuta vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Nimeifanya kazi hiyo maabara, macho yanachoka. Na ili uvione hivyo vijiti, kila mililita ya makohozi inatakiwa iwe na bakteria kati ya 5,000 na 10,000 hivi. Mwenye wachache kuliko hapo unamwandikia hasi, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Wanaoishi na VVU wengi wako kwenye kundi hilo, makohozi yao hayana bakteria wengi.

MUSA: Halafu kuna wale wasiokohoa kabisa.

REHEMA: Hao ndio wananinyima usingizi. Tafiti za kitaifa zilizofanywa nchi mbalimbali za Afrika na Asia, za kupita mitaani kupima watu, zimeonyesha kwamba takriban nusu ya waliokutwa na TB hawakuwa na dalili za kuwatilia shaka. Sasa ukikaa kituoni unasubiri mtu aje akikohoa, nusu yao umeshawakosa.

MUSA: Hapo ndipo eksirei inaingia, maana pafu linaweza kuonyesha alama kabla mtu hajaanza kukohoa. Siku hizi zipo mashine za kubeba mkononi, nyingine hazifiki hata kilo nne, zinatumia betri. Unafika mgodini au kwenye kambi ya wavuvi, unapiga picha. Tatizo lililokuwa limebaki ni moja: nani aisome? Wilaya nyingi hazina mtaalamu wa radiolojia hata mmoja.

REHEMA: Ndipo ikaja programu ya kompyuta yenye akili unde, inaisoma yenyewe. Tueleze basi inasomaje, maana wewe ndiye mtu wa kompyuta.

MUSA: Imelishwa picha nyingi mno za vifua ambazo majibu yake yalishajulikana: huyu alikuwa na TB, huyu hakuwa nayo. Kila ikikosea inarekebisha hesabu zake za ndani, mpaka inazoea weupe na weusi unaoambatana na ugonjwa. Lakini bakteria haijui ni kitu gani. Inachojua ni vivuli. Ukiipa picha, ndani ya dakika moja inakurudishia alama, tuseme kuanzia 0 hadi 100. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu hizi zitumike badala ya msomaji binadamu katika kuchuja watu wa miaka 15 na kuendelea.

REHEMA: Kuchuja. Tusisitize hapo. Haimwambii mtu "una TB". Inasema huyu apelekwe akapimwe makohozi.

MUSA: Na nani apelekwe, hilo haliamuliwi na kompyuta! Hapa naomba wasikilizaji wanisikilize vizuri. Ni kama mtihani wa shule: msahihishaji anatoa alama, lakini alama ya kufaulu inawekwa na wakubwa. Mradi mmoja unaweza kusema kuanzia 50 apimwe, mwingine ukasema 60. Picha ile ile, mtu yule yule, huku anaitwa, kule anaambiwa nenda nyumbani.

REHEMA: Tupige hesabu basi.

MUSA: Lengo la kimataifa la kipimo cha kuchuja ni kwamba kati ya wagonjwa 100 kikamate angalau 90, na kati ya wasio na ugonjwa 100 kiwaachie angalau 70. Sasa chukua mfano wa watu 1,000 kwenye mnada, na kumi kati yao wana TB. Programu inakamata tisa. Wazima ni 990, na asilimia 30 yao, yaani 297, nao wanaitwa. Jumla una watu 306 wa kupima makohozi.

REHEMA: Na makohozi hayo yanapimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB; kila kipimo kinakula katriji moja, kiplastiki cha kutumia mara moja. Katriji hiyo bei yake kwa nchi kama zetu ilishushwa mwaka 2023 kutoka dola 9.98 hadi dola 7.97.

MUSA: Kwa hiyo badala ya kutumia karibu dola 8,000 kuwapima wote elfu moja, unatumia kama 2,440. Pesa inayobaki inakupeleka kwenye minada mingine. Lakini mwenye bajeti akisema bado ni nyingi, anapandisha alama ya mpaka. Katriji zinapungua, na yule mgonjwa wa nane au wa tisa naye anaponyoka. Hakuna hospitali itakayomwandika popote, maana hakuna aliyejua kwamba yupo.

REHEMA: Na mpaka huo haubebeki kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Nenda Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite. Mwanaapolo, yaani mchimbaji, aliyepumua vumbi la mwamba kwa miaka, mapafu yake yana makovu ya vumbi hilo. Mwingine aliwahi kuugua TB akapona, kovu likabaki. Programu inaona vivuli vyote hivyo na inapandisha alama. Halafu vumbi lile lile ndilo linaloongeza hatari ya TB, kwa hiyo huwezi kumpuuza. Mpaka uliowekwa kwa kutumia wanafunzi wa Dar es Salaam hautamfaa mchimbaji hata kidogo. Unatakiwa upimwe kwa watu wa hapo hapo.

MUSA: Na toleo jipya la programu likiingia, upimwe tena. Alama 50 ya toleo la zamani si lazima iwe 50 ya toleo jipya.

REHEMA: Haya, mtu ameitwa, katoa makohozi. Sasa tunaingia kwenye biolojia, na hapa mimi nasisimka kila mara. Unayachanganya na dawa ya kuyalainisha, unasubiri dakika 15, unavuta, unamimina kwenye katriji, unafunga, unaipachika kwenye mashine. Yanayobaki yanafanyika ndani ya kile kiplastiki. Bakteria wanapasuliwa kwa mawimbi ya sauti. Vinasaba vyao vinapashwa moto na kupozwa, tena na tena, na kila mzunguko vinaongezeka mara mbili. Mashine inakwenda moja kwa moja kwenye jeni iitwayo rpoB, kwenye kipande cha herufi 81 tu za vinasaba, wakati bakteria huyu mzima ana herufi milioni 4.4.

MUSA: Kwa nini kipande hicho?

REHEMA: Kwa sababu mabadiliko yanayoifanya rifampisini, dawa yetu kuu ya TB, igome, karibu yote yanakaa hapo. Kwa hiyo chini ya saa mbili unajua mambo mawili kwa pamoja: TB ipo, na dawa hiyo itafanya kazi au haitafanya. Zamani jibu la usugu lilitoka kwenye maabara ya kuotesha baada ya wiki kadhaa, mgonjwa muda wote huo anameza dawa isiyomsaidia na kuambukiza wanawe. Na katriji ya Ultra, iliyoanza mwaka 2017, inaweza kunasa hata bakteria 16 kwa mililita. Kumbuka hadubini ilikuwa inataka maelfu.

MUSA: Hapo ndipo naona fani hizi mbili zinahitajiana. Kompyuta inachagua nani, katriji inathibitisha.

REHEMA: Zikiwepo zote mbili! Nimewahi kufika kwenye kituo ambacho mashine inang'aa na kabati la katriji ni tupu. Wagonjwa walikuwa wamerudishwa kwenye hadubini. Mashine hii inataka umeme usiokatika katikati ya kipimo, chumba kisizidi nyuzi 30, na fundi wa kuikagua kila mwaka. Vumbi na joto vinaiua. Mtu anayenunua programu ya kusoma eksirei bila kununua katriji za kutosha anazalisha orodha ya washukiwa, basi. Hilo linaniuma.

MUSA: Na watoto? Nilisema programu ni za miaka 15 na kuendelea.

REHEMA: Programu nyingi zimefundishwa kwa vifua vya watu wazima, na TB ya mtoto haionekani vile vile. Tena mtoto wa miaka miwili hawezi kutoa makohozi, anayameza. Zamani tulimwingizia mrija puani mpaka tumboni alfajiri, mtoto analia, mama analia. Lakini kama ameyameza, yanatokea wapi?

MUSA: Chooni!

REHEMA: Ndiyo. Shirika la Afya Duniani limeshakubali choo cha mtoto kipimwe kwenye GeneXpert ile ile. Kiasi kidogo tu. Hakinasi wote, kwa hiyo kikitoka hasi bado daktari anatakiwa aangalie uzito wa mtoto na kuuliza nani anaumwa nyumbani. Kama kwenu kuna mtu ameanza dawa za TB na kuna mtoto mdogo ndani, mpelekeni, msisubiri akohoe. Ulizeni kama kituo kinapima choo. Kwa Tanzania, vipimo na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure.